Mkalimani wa Mama Médiatrice

Wambura alizikwa siku ya Ijumaa, na Jumatatu iliyofuata mkewe, Asteria, akarudi kazini. Watu wa kanisani walimsifu kwamba amejikaza. Asteria alikubali sifa hizo kwa sababu kukataa kungehitaji maelezo marefu, na hakuwa na maelezo. Aliamka, akachemsha chai, akakaa kwenye meza ya jikoni kwake Farsta, huko Uswidi, akavaa vipokea sauti, na simu ya kwanza ilipoingia akasema maneno aliyokuwa akiyasema kwa miaka kumi na tisa: "Mimi ni mkalimani wenu. Nitatafsiri kila kitakachosemwa. Siongezi, sipunguzi, na sina upande."

Kazi yake ilikuwa kukaa katikati ya Waswidi wa ofisini na watu wa Kiswahili. Sheria ya kazi hiyo ni kwamba mkalimani husema kama msemaji mwenyewe. Mgonjwa akisema tumbo linamuuma, mkalimani hasemi "anasema tumbo linamuuma"; anasema "tumbo linaniuma." Kwa hiyo kabla ya saa sita mchana Asteria alikuwa amekwisha kuwa mama wa watoto sita kutoka Uvira, daktari wa meno, mwalimu mkuu, na Mkenya mmoja aliyekuwa akiachana na mkewe. Wote walisema "mimi" kupitia mdomo wake. Akivua vipokea sauti, nyumba ilikuwa kimya, na yeye alikuwa kimya ndani yake vilevile.

Hakulia. Hakulia hospitalini, wala makaburini, ambako ardhi ya Februari ilichimbwa kwa mashine kwa sababu ya baridi. Alikula kwa kuwa saa ya kula imefika. Chumvi ikizidi hakujua. Binti yake, Maya, aliyekuwa na miaka ishirini na tatu na kuishi Vällingby, alikuja kila wiki mbili kumtazama. Alimsemesha mama yake kwa Kiswidi, mama akajibu kwa Kiswahili, kama walivyofanya tangu Maya alipoanza shule.

"Mama, unalala?"

"Nalala."

"Unajisikiaje?"

"Vizuri tu."

Na Maya alikuwa akiondoka huku amebana midomo.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unaisha, Asteria alipigiwa simu na Désiré, Mrundi mmoja dereva wa basi aliyemfahamu kutoka misa ya Kiswahili. Désiré alizunguka sana kabla ya kufika kwenye ombi lake. Mama yake, Mama Médiatrice, alikuwa akifuatilia tamthilia ya Kijapani. Macho yake yalikuwa yameharibika, hakuweza kusoma, na hata angeweza, maandishi ya chini ya picha yalikuwa ya Kiswidi. Mjukuu ndiye alikuwa akimsomea, lakini mjukuu amehamia Göteborg kusoma chuo. Walikuwa wamefika sehemu ya nne, na zote zilikuwa kumi na mbili.

"Ananiuliza kila siku yule mwanamume wa mashine amefika wapi," Désiré alisema. "Mimi nikirudi kazini nasinzia hata kabla wimbo wa mwanzo haujaisha. Najua wewe ni mtu wa kazi, dada, lakini nikasema nijaribu."

Asteria alitafuta sababu ya kukataa, akakosa. Akatafuta sababu ya kukubali, nayo pia akakosa. Akasema sawa.

Jumamosi hiyo alipanda treni kutoka Farsta, akabadilisha Slussen, akaenda mpaka Hallunda karibu na mwisho wa reli. Mama Médiatrice aliishi ghorofa ya nne juu ya maduka. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sabini na moja, mwenye kitambaa cha njano kichwani, na aliposalimiwa alishika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili akausogeza karibu na uso, kana kwamba mkono huo ndio alitaka kuutambua.

"Karibu, ma fille, mutoto wangu. Macho yangu iko naona rangi tu. Sura siioni. Kaa hapa karibu, tena usiseme polepole, mi si muzee hivyo."

Akampakulia sombe, yaani kisamvu cha kwao, na dagaa, akamngoja amalize, kisha akawasha televisheni.

Tamthilia ilimhusu mwanamke wa makamo aitwaye Fumie, aliyekuwa na duka la kushona magodoro katika mji mdogo wa pwani. Baba yake alikuwa hajiwezi, na Fumie alipewa roboti mwenye umbo la mwanamume, jina lake Nagi, amhudumie mzee kwa mkataba wa mwaka mmoja. Nagi hakula, lakini alikaa mezani pamoja nao na kikombe kitupu mbele yake, kwa sababu mzee hakupenda kula huku mtu amesimama. Alikuwa na sura nzuri isiyobadilika. Fumie alianza kwa kumfunika shuka usiku ili asimwone. Kufikia sehemu ya nne alikuwa akimuuliza mambo ambayo hakuwahi kumuuliza mtu.

Asteria alitafsiri kama alivyozoea. Fumie akisema "nimechoka," alisema "nimechoka." Nagi akisema "naweza kukubeba," alisema "naweza kukubeba." Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Sehemu ilipoisha Mama Médiatrice alimgeukia.

"Unatafsiri muzuri sana," alisema. "Hakuna neno linaanguka. Lakini ile mashine inasema na huruma kukupita weye."

"Ndivyo tulivyofundishwa, mama. Mkalimani haigizi."

"Bon. Na hapa nani amekufundisha? Hapa ni kwangu."

Jumamosi iliyofuata Asteria alirudi, na iliyofuata pia. Hakuweza kusema kwamba alipenda. Alijua tu kwamba Jumamosi ina mahali pa kwenda, na kwamba pale Hallunda hakuna aliyemuuliza anajisikiaje. Mama Médiatrice alimuuliza kuhusu Fumie. Kwa nini hamwambii? Anaogopa majirani? Nagi akimtazama vile anafikiri nini, au hakuna kitu mle ndani?

"Sijui, mama. Hawajasema."

"Sasa weye unaona nini usoni?"

"Usoni hakuna kitu."

"Aa. Basi iko kitu," alisema Mama Médiatrice akacheka.

Katika sehemu ya saba Fumie na Nagi walipigana busu katikati ya magodoro yasiyoshonwa, na Mama Médiatrice alitaka kuelezwa mara tatu: nani alianza, mikono ilikuwa wapi, na Nagi alifumba macho au hakufumba. Asteria alieleza yote mara tatu.

Kisha ikafika sehemu ya tisa. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, saa tisa alasiri tu, na taa za maegesho chini ya dirisha zilikwisha kuwaka.

Katika sehemu hiyo mzee alikufa. Alikufa kitandani kwake asubuhi, Fumie akiwa anaosha mchele. Ilibidi kaka yake aliyeishi Osaka apigiwe simu. Fumie alishika simu, akabonyeza namba, kaka akaitika, na Fumie akashindwa kutoa sauti. Nagi akaichukua ile simu taratibu kutoka mkononi mwake. Roboti huyo aliweza kuiga sauti yoyote, na sasa akasema kwa sauti ya Fumie mwenyewe. Fumie akakaa sakafuni akijisikiliza.

"Kaka," Asteria alitafsiri. "Ni mimi. Baba ametutoka asubuhi hii. Hakuumia."

Kaka akauliza kitu kule kwenye simu. Maandishi yakatokea chini ya picha. Asteria aliyasoma, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka.

Picha iliendelea. Nagi akajibu, kaka akauliza tena, Nagi akajibu tena. Mama Médiatrice akageuza uso.

"Amesema nini?"

Asteria aliendelea kutazama kioo.

"Ma fille. Kaka amesema nini?"

"Amesema..." Asteria alikunja vidole vyake juu ya magoti. "Amesema, 'Fumie, mbona hulii?'"

Mama Médiatrice alipapasa kochi, akapata rimoti, akasimamisha picha. Nagi alibaki pale kwenye kioo ameshika simu sikioni.

Na Asteria akaanza kueleza, kwa sauti ile ile ya kutafsiri, kama anayesoma habari za mtu asiyemjua. Wambura alikuwa fundi wa mabehewa ya treni. Siku moja mwezi wa pili alianguka kazini, mshipa umepasuka kichwani. Alikaa hospitalini siku tatu bila kuamka. Mama yake Wambura, Mama Magdalene, alikuwa Tarime, akipiga simu asubuhi na jioni. Siku ya tatu mchana Wambura akafa, na dakika kumi baadaye, daktari akiwa bado yupo chumbani, simu ya Asteria ikalia. Ilikuwa ni mama.

"Daktari alikuwa kijana mpole," Asteria alisema. "Akaniuliza kama nataka yeye azungumze na mama mkwe. Nikasema ndiyo, mimi nitatafsiri. Nikaweka simu juu ya kitanda, spika wazi. Akasema kwa Kiswidi, nami nikasema kwa Kiswahili: 'Jina langu ni daktari fulani. Nasikitika kukuambia kwamba mwanao amefariki dunia. Tulijaribu kila tulichoweza.' Sikukosea hata neno."

"Na yeye?"

"Alinyamaza. Halafu akasema, 'Asteria. Na wewe unasemaje, mwanangu?'"

"Ukasemaje?"

"Kwanza nilimtafsiria daktari. Nilimgeukia nikamwambia kwa Kiswidi, 'Na wewe unasemaje, mwanangu?' Maskini, akadhani anaulizwa yeye. Akasema watamtunza vizuri marehemu. Nikamtafsiria mama hayo. Mama akasema, 'Nimekuuliza wewe, Asteria.' Ndipo nikamwambia..." Aliitazama picha iliyosimama. "Nikamwambia mkalimani haruhusiwi kutoa maoni yake."

Chini, mlango wa duka ulifunguka na kufungika.

"Tangu siku ile hajazungumza na mimi," Asteria alimalizia. "Nikipiga anapokea shemeji yangu, Damian. Ananiambia mama hajambo, anakusalimu. Najua hanisalimu."

Miezi tisa watu walikuwa wamemwambia kwamba ana nguvu, kwamba Mungu amempa moyo, kwamba kila mtu huomboleza kwa namna yake. Alingoja kusikia mojawapo ya hayo.

"Ulimukosea," alisema Mama Médiatrice.

"Ndiyo."

"Ulimukosea sana. Mutoto wake amekufa, weye unamusemesha kama ofisi."

"Ndiyo, mama."

Lilikuwa jambo la ajabu, lakini maneno hayo yalimfikia. Hayakumuumiza hasa. Ilikuwa kama mtu kugonga mguu uliokufa ganzi na mwenye mguu akajua kwamba upo.

"Haya," alisema Mama Médiatrice, akitafuta tena kitufe. "Rudisha nyuma kidogo. Mi sijasikia ile mashine ilijibu nini."

Asteria alirudisha. Kaka aliuliza, "Fumie, mbona hulii?" Na Nagi, kwa sauti ya Fumie, akajibu, "Nitalia baadaye. Sasa hivi kuna mambo ya kufanya." Asteria akatafsiri hayo, na yaliyofuata, mpaka mwisho wa sehemu.

Jumapili ya wiki iliyofuata Maya alikuja Farsta na mkate wa mdalasini. Asteria alimtazama akikata mkate huo, akamuuliza kitu ambacho hakuwahi kumuuliza.

"Bibi yako wa Tarime huwa mnazungumza?"

Kisu kilisimama. "Kila Jumapili," Maya alijibu kwa Kiswidi. "Saa saba mchana. Kwa video."

"Tangu lini?"

"Tangu baba alipokufa."

"Mnazungumza lugha gani?"

Maya akainua mabega, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akamjibu mama yake kwa Kiswahili, Kiswahili kilichovunjikavunjika. "Kiswahili. Mimi nasema mbaya, bibi anacheka. Lakini anaelewa."

Asteria alimeza chai. "Ananitaja?"

"Anauliza kama unakula." Maya akarudi kwenye Kiswidi, macho mezani. "Nilimwambia siku moja nikupe simu. Akasema hapana. Akasema, 'Mama yako atanipigia mwenyewe akiwa tayari kusema na mimi. Mimi sitaki tena mkalimani.'"

Asteria aliosha vikombe. Saa saba ilipofika, Maya alikuwa amekwisha kuondoka, na Asteria hakumzuia. Alisimama dirishani akamwangalia akielekea kituoni, akasema moyoni kwamba angempigia mama mkwe wiki ijayo. Wiki hiyo ilipofika hakupiga. Wala ile iliyofuata. Alikuwa akishika simu, anaiona namba ya Damian, anaiweka chini, na hapakuwa na uchungu wowote katika kuiweka chini. Hilo ndilo lililoanza kumtia wasiwasi.

Sehemu ya kumi na mbili waliitazama Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja. Nyota za karatasi zilikuwa zimewashwa kwenye madirisha ya Hallunda kwa ajili ya majilio kabla ya Krismasi. Désiré naye alikuwepo, akasinzia mapema. Mkataba wa Nagi ulifika mwisho. Asubuhi ya kuondoka aliosha kikombe chake ambacho hakijawahi kutiwa kitu, akakifuta, akakirudisha kabatini. Gari la kampuni lilingoja nje. Mlangoni Fumie akamuuliza:

"Utanikumbuka?"

"Hapana," alisema Nagi. "Watafuta kila kitu leo jioni."

"Basi nitakumbuka mimi peke yangu."

Akainama, roboti akainama, gari likaondoka. Fumie akarudi ndani akashona godoro. Wimbo wa mwisho ukaanza.

Mama Médiatrice alisubiri. "Endelea."

"Imeisha, mama."

"Imeisha namna gani? Hakumukimbilia?"

"Hakumkimbilia."

"Hata busu?"

"Busu lilikuwa sehemu ya saba."

"Voilà!" Mama Médiatrice alipiga goti kwa hasira, Désiré akashtuka usingizini. "Wiki zote hizi nimekaa hapa! Ule muanamuke ni mujinga. Mutu yuko mulangoni, ana masikio, anasikia, na weye unasema maneno matano unarudi kushona?"

Asteria alivaa koti lake. Alitaka kumtetea Fumie, akaona hana utetezi. Mama Médiatrice alimsindikiza mpaka mlangoni akipapasa ukuta, bado akinung'unika, kisha akamshika mkono kama siku ya kwanza.

"Désiré anasema iko tamthilia nyingine, ya Korea. Sehemu kumi na sita. Weye utakuja?"

"Nitakuja."

"Aksanti. Fanya mambo yako kwanza. Halafu ukuje."

Kesho yake Asteria hakungoja Maya aje. Alipanda treni mpaka Vällingby, akafika saa saba kasoro dakika tano, akabisha hodi. Maya alifungua mlango akiwa na simu mkononi. Alimtazama mama yake, akaitazama simu, akasogea kumpisha.

Walikaa kwenye kitanda kwa kuwa chumba kilikuwa na kiti kimoja tu. Maya akapiga. Picha ilikuja ikikatika: ukuta wa bluu, kalenda, kisha nusu ya uso wa Mama Magdalene, karibu mno na kioo.

"Maya, mjukuu wangu!"

"Shikamoo, bibi. Kuna mtu." Maya akageuza simu.

Mama Magdalene alitazama. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, mama," Asteria alisema.

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Asteria."

"Asteria mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama."

"Daktari yupo hapo?"

Asteria aliona kwamba swali hilo halikuwa la kejeli. Mama alitaka kujua.

"Hayupo. Niko mimi na Maya tu."

"Haya," alisema Mama Magdalene. Aliondoa uso, wakasikia kiti kikivutwa, kisha akarudi, sasa ameketi. "Haya. Niambie."

Asteria alijua anachotakiwa kusema. Alikuwa amekisema mara moja, na hakikuwa chake.

"Mama, Wambura amefariki."

Sauti ilikuwa ile ile. Alingoja kitu kipasuke ndani yake, hakikupasuka. Lakini kule Tarime Mama Magdalene alijifunika uso kwa kanga na kuanza kulia kana kwamba habari imefika sasa hivi, na Asteria hakugeuka pembeni. Alimtazama akilia mpaka akanyamaza.

"Lini?" aliuliza mama, akijifuta.

"Mwezi wa pili, tarehe kumi na moja. Saa tisa na dakika ishirini mchana."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Nilimshika mguu. Mikono yote ilikuwa na mipira ya dripu."

"Mguu upi?"

Asteria alifikiri. "Wa kushoto."

"Ulikuwa wa moto au wa baridi?"

"Wa moto. Walimvika soksi za hospitali, nikaivua moja. Ngozi ilikuwa imekauka, nikampaka mafuta. Nilipokuwa nampaka, ndipo."

Maya aligeuka akamtazama. Hakuna aliyewahi kumwambia hayo.

"Sasa nirudishe nyuma," alisema Mama Magdalene. "Ile siku aliyoanguka. Asubuhi alikula nini kabla ya kwenda kazini?"

"Sikumbuki, mama."

"Kumbuka. Mimi sina haraka."

Betri ilikuwa ikionyesha nyekundu. Maya akainuka kutafuta chaja, akaichomeka ukutani, akavuta waya mpaka kitandani, akakaa tena, bega lake likigusa la mama yake. Asteria aliianza siku ile tangu saa ya kengele kulia: nani alitangulia kuamka, nje kulikuwaje, shati gani. Alikwenda polepole. Ilipofika kwenye kifungua kinywa akasimama, na Mama Magdalene akangoja.

"Uji," alisema Asteria. "Alikunywa uji, amesimama. Nilimwambia akae, akasema amechelewa."

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," alisema mama. "Halafu?"